Walimwita mtoro sugu, mimi nikamwita mwenye kiburi: yaliyompata mwanangu hapa Igombe

Mama Dagaa

Wakuu habari za usiku. Huu uzi nimeuanza mara tatu nafuta, leo naumalizia hata kama ni saa saba. Naandika kwa simu mtanivumilia.

Mimi naishi Igombe, kando ya Ziwa Victoria hapa Mwanza, nina watoto watatu, kazi yangu ni kununua dagaa hapa mwaloni mitumbwi inapoingia, naanika, zikikauka napeleka soko la Kirumba. Ninayetaka kumzungumzia ni wa kwanza, wa kiume, ana miaka 11 yuko darasa la tano. Baba yake alikuwa mvuvi wa dagaa. Mwaka juzi mwezi wa saba, kipindi kile cha upepo wa kusi, walitoka jioni watu wanne na taa zao, usiku ziwa likachafuka mtumbwi ukapinduka. Wawili walikutwa asubuhi wazima wameshikilia madumu, mmoja wao ni mdogo wake mume wangu. Mmoja aliokotwa siku ya pili amekufa. Mume wangu hajaonekana mpaka leo.

Wazee upande wa mume wakakaa kikao wakasema watoto wasiambiwe mpaka mwili upatikane. Mimi sikuwa na nguvu ya kubisha, nikakubali. Tukawaambia baba kaenda kambi ya wavuvi, yuko kisiwa cha Goziba, akipata hela atarudi. Wale wadogo walikubali, mmoja alikuwa na miaka mitatu mwingine mitano. Mkubwa aliniangalia tu, hakuuliza hata swali moja, nikasema afadhali, kaelewa. Mimi nikitaka kulia naenda kwenye vichanja vya kuanikia dagaa, mtu akinikuta nasema ni moshi wa jirani.

Baada ya kama miezi mitatu mtoto akaanza kubadilika. Kwanza kukojoa kitandani, na huyu aliacha kukojoa akiwa na miaka minne. Afu akawa anapigana, mtoto aliyekuwa mpole kabisa, mara kampasua mwenzake mdomo, mara kamtupia jiwe mtoto wa mwenyekiti. Afu akakataa samaki. Nyumba yetu mboga ni dagaa, tukibahatika sato au sangara, yeye sahani ikiwekwa anasogeza pembeni anakula ugali mkavu na chumvi. Nikaona hiki sasa ni kiburi, mtoto wa mjane anachagua mboga? Nilimchapa kwa ajili ya hiyo mboga si chini ya mara tano, siku moja nilimpiga na mwiko ukavunjika, akakaa kimya anaangalia sahani. Ile sura yake siku ile sijaisahau na sidhani kama ntaisahau.

Shuleni nako simu kila wiki, mwanao mtoro, mwanao hajaonekana. Akawa anachapwa huko akirudi nyumbani nachapa tena. Kuna mtu akanishauri nikampeleka kwa mtaalamu mmoja wa mitishamba (simtaji), akasema mtoto kaingiliwa na kitu cha ziwani, nikatoa laki moja na kuku wawili, mtoto akachanjwa mikononi. Hali ndo ikazidi.

Sasa mwezi wa pili mwaka huu mwalimu akanipigia akasema ndani ya mwezi mmoja mwanao amekosa siku 9. Na kila siku anatoka nyumbani na yunifomu na begi. Jumanne nikamfuata kwa mbali. Alipofika njia panda badala ya kupanda kuelekea shule akashuka mwaloni. Akaenda akakaa juu ya mtumbwi mmoja mbovu uliogeuzwa, nyuma ya pale wanapotundika nyavu. Nikajificha kwenye banda la mama mmoja anauza chai.

Mtumbwi ukiingia anasimama. Anaangalia ubavuni pale panapoandikwa jina. Anakaa, anaandika kitu. Unaingia mwingine anasimama tena. Kaendelea hivyo mpaka jua limekuwa kali na mitumbwi imeisha, afu akafunga daftari akaweka kichwa juu ya begi.

Sikumsemesha. Usiku amelala nikatoa lile daftari, ni la Hisabati. Mbele hesabu, nyuma majina ya mitumbwi, kurasa na kurasa. Mungu Mkubwa. Usinisahau. Tumaini la Wengi. Kila jina na siku uliyoingia, mingine ina alama tano sita. Na juu kabisa ya kila ukurasa kaandika Subira Njema, mbele yake pako wazi, hakuna alama. Subira Njema ndo mtumbwi wa baba yake.

Wakuu nililia usiku ule sikujali nani anasikia.

Wiki ile ile nilikuwa nampeleka mdogo zahanati nikamsimulia nesi, akaniandikia barua ya rufaa kwenda kliniki ya afya ya akili mjini. Nilijua kliniki ya akili ni ya vichaa, nikamwambia mwanangu si kichaa, akasema mama hata mimi mwanangu nimempeleka. Tukaenda. Yule mtaalamu alinitoa nje akakaa na mtoto kama nusu saa na penseli za rangi na karatasi. Akaniita akaniuliza, mama, baba yake mmemwambia yuko wapi? Nikasema Goziba. Akasema, yeye kaniambia baba yuko majini.

Alikuwa anajua. Wenzake walishamwambia mwaloni tangu mwezi ule ule wa saba. Ila sisi watu wazima tunasema Goziba, na yeye hawezi kumwita mama yake mwongo, kwa hiyo alikuwa anaenda kuangalia nani mkweli.

Ntaendelea na kilichofuata, mtandao unasumbua na watoto wanaamka saa kumi na moja. Ila kuna mzazi humu ana mtoto "ameharibika ghafla", nakuomba kabla hujashika fimbo mfuate mchana mmoja ujue anaenda wapi.

Mchapakazi wa Sengerema

Pole sana mama, Mungu akutie nguvu. Nimesoma mpaka macho yamelowa.

Ila niseme la moyoni. Hii isije ikawa sababu ya kila mzazi kuacha fimbo. Mimi nimelelewa na mzee ambaye ukichelewesha ng'ombe unachapwa, ukijibu unachapwa, na leo nina familia nina nyumba sijawahi kulala lupango. Nina kijana wa miaka 14, nikimwachia wiki moja tu atakuwa kijiweni. Yako ni msiba, lakini watoto wengi ni utundu tu.

Mwalimu Buhongwa

Mchapakazi nakuheshimu kaka yangu ila naomba nikujibu kama mtu ambaye nimeshika hiyo fimbo miaka 16.

Darasa langu lina watoto 118. Ukiwa na watoto 118 na kipindi cha dakika 40 utoro unauona kama deni kwenye rejista, huuoni kama mtoto. Mtoto anarudi, unamwita mbele, unamchapa, umemaliza, unaendelea na somo. Sijawahi hata siku moja kumuuliza mtoro "ulikuwa wapi" nikiwa nataka jibu. Nauliza huku fimbo iko juu. Mama Dagaa huyo mtoto angekuwa kwangu ningemchapa vile vile, nasema kwa uchungu.

Na watu wengi hawajui, hata walimu wenzangu baadhi, adhabu ya viboko shuleni ina kanuni. Ni za 1979 zikaja kurekebishwa, viboko visizidi vinne, anayeruhusiwa ni mkuu wa shule au mwalimu aliyemruhusu kwa maandishi, na vinaandikwa kwenye kitabu. Msichana anachapwa na mwalimu wa kike. Sasa tujiulize ni shule ngapi hicho kitabu kina maandishi. Utafiti wa kitaifa wa ukatili dhidi ya watoto wa mwaka 2009 karibu robo tatu ya vijana, wa kike na wa kiume, walisema wamefanyiwa ukatili wa kimwili kabla hawajafika miaka 18, na wengi waliowataja ni ndugu na walimu. Yaani mimi na wewe.

Mzee wako alikuchapa ukawa mtu, sikatai. Ila wewe unamkumbuka aliyefanikiwa kwa sababu ndiye wewe. Mimi nawakumbuka na wale walioacha shule darasa la sita wakaenda visiwani kukumba maji kwenye mitumbwi, hao hawamo humu jukwaani kutuambia fimbo iliwasaidiaje.

Kila shule inatakiwa iwe na mwalimu wa malezi na unasihi. Mzazi nenda mtafute huyo kwa jina, usiishie kwa mwalimu wa darasa. Mama, huyo mwalimu aliyekupigia simu kuhusu zile siku 9 nampa heshima zake, wengi hatupigi.

Nesi Nyakato

Mama Dagaa pole mayu wangu. Nafanya kazi afya mwaka wa 12 sasa, nataka niongeze kitu ambacho wazazi wakija kliniki naona hawakijui.

Mtoto hana maneno ya kusema nina huzuni au nina hofu. Anasema kwa mwili na kwa vitendo. Mtu mzima akiwa na sonona, yaani ule ugonjwa wa huzuni nzito, mtamwona amenyong'onyea, mtoto mwenye sonona mara nyingi mtamwona ana hasira, anapigana, anajibu vibaya, kila kitu kinamkera. Ndo maana wanachapwa sana, kwa sababu huzuni yao inafanana na ujeuri. Mwingine kila Jumatatu asubuhi tumbo linauma, mnampima malaria hakuna, mnampa dawa za minyoo, Jumamosi haliumi. Lile tumbo linauma kweli, hadanganyi, ila chanzo kiko shuleni au njiani kwenda shule, ulizeni huko.

Kukojoa kitandani hivyo hivyo. Chini ya miaka mitano ni kawaida. Ila mtoto aliyekaa mkavu miezi sita na zaidi halafu akarudia, hapo kuna jambo, linaweza kuwa la mwili, mfano maambukizi ya mkojo au kisukari, au kuna kitu kimemshtua. Ikiwemo kuchezewa na mtu mzima. Samahani kusema wazi lakini lazima lisemwe.

Na msiruke vipimo vya mwili, hasa sisi wa huku ziwani. Mtoto mzito, anasinzia darasani, anaitwa mvivu, kumbe ana kichocho cha tumbo kinammaliza damu taratibu, watoto wetu wanaoga ziwani kila siku. Au ana selimundu, ule ugonjwa wa damu wa kurithi, kanda yetu ni wengi. Au masikio hayasikii vizuri, anaitwa mkaidi. Au ana kile kifafa cha kuduwaa, anaganda sekunde kumi macho yametoka afu anaendelea kana kwamba hakuna kitu, mwalimu anasema anaota mchana. Mimi mtoto mmoja alichapwa mwaka mzima kwa "kuota mchana", dawa ilimtuliza ndani ya wiki chache.

Sasa lini uanze kuhofia? Mimi huwa naangalia vitu vichache tu. Amebadilika kutoka alivyokuwa? Imechukua muda, wiki na wiki, siyo siku mbili za kununa? Inamzuia kula, kulala, kusoma, kucheza na wenzake? Ukijibu ndiyo, usisubiri akue ataacha. Shirika la Afya Duniani linasema kati ya vijana saba wa miaka 10 hadi 19, mmoja ana tatizo la afya ya akili. Hesabuni watoto kwenye daladala moja muone.

Na kuhusu fimbo kaka Mchapakazi, kuna watafiti wawili Marekani, Elizabeth Gershoff na Andrew Grogan-Kaylor, 2016 walikusanya tafiti za miaka 50 zenye watoto zaidi ya 160,000, na hapo ni kuchapwa tu makalio kwa mkono siyo waya wala mwiko. Waliochapwa zaidi ndo walikuwa na ugomvi zaidi, ukaidi zaidi na shida za akili zaidi. Hawakuona faida.

Mama Pacha

Asante nesi. Mimi wangu mmoja wa hawa mapacha hatulii hata dakika, miaka 7, kanisani anapanda mabenchi, nyumbani anavunja, darasani anatembea. Mwenzake katulia. Ni ugonjwa au?

Nesi Nyakato

Mama Pacha, siwezi kujua kwa simu mpendwa. Ila upo ugonjwa wa kushindwa kutulia na kukosa umakini. Dalili zake zinaanza kabla ya miaka 12, zinaonekana zaidi ya sehemu moja, siyo kwako tu au shuleni tu, na zinadumu zaidi ya miezi sita. Yako umetaja kanisani, nyumbani na darasani, mpeleke apimwe. Siyo malezi mabaya, usikubali mtu akuambie hivyo.

Mtumishi wa Igogo

Bwana asifiwe mama. Naongoza kikundi cha maombi, na watoto kama huyu wanaletwa kwetu kila wiki. Nataka niseme kitu kwa watumishi wenzangu. Nilishaombea mtoto wa kike miezi minne, anaanguka anatetemeka, tunakemea, anatulia, wiki ijayo tena. Siku moja mke wangu akakaa naye jikoni wanachambua mchicha, akamwambia kwamba mjomba wake anamwingilia. Miezi minne tunakemea pepo na mjomba anakaa kiti cha mbele. Tangu siku hiyo, mtoto akiletwa kwangu, mke wangu anakaa naye kwanza peke yao bila mzazi, na naomba huku nikimwelekeza hospitali. Maombi hayajawahi kumkataza mtu kwenda kliniki. Ile kesi tulikwenda Dawati la Jinsia na Watoto polisi na kwa afisa ustawi wa jamii, ikafika mahakamani.

Baba Binti

Wakuu mimi ni msomaji tu siku zote sichangii. Leo nachangia.

Wangu ni kinyume. Binti, kidato cha pili, hapigani, hatoroki, hajibu vibaya. Ripoti nzuri. Ila nyumbani hazungumzi, anakula vijiko vitatu anasema nimeshiba, usiku naona mwanga wa simu mpaka saa nane. Alikuwa anaimba kwaya kaacha. Nguo zake nzuri kampa mdogo wake zote, tukamsifu kwamba ana moyo wa kutoa. Wiki iliyopita nikamsikia anamwambia mdogo wake "mimi nikiwa sipo usimsumbue mama". Nikamuuliza unaenda wapi, akasema nilikuwa natania. Sasa nimesoma hapa nimeogopa. Mama yake anasema ni umri.

Nesi Nyakato

Baba Binti naomba usome hii sasa hivi na uniandikie inboksi usiku huu huu.

Hiyo siyo ya kusubiri. Kugawa vitu anavyovipenda, kuaga kwa mafumbo, kutolala, kuacha alichokipenda, vyote kwa pamoja. Muulize. Kaa naye sehemu hakuna mtu, simu pembeni, sema kwa sauti ya kawaida: mwanangu nimeona hulali, nimeona umegawa nguo, je umewahi kufikiria kujiua? Watu wanaogopa kwamba ukiuliza utampa wazo. Siyo kweli, humpi wazo, unampa nafuu kwamba kuna mtu anaweza kulisikia hilo neno bila kukimbia. Akisema ndiyo usimkemee, usimwambie ni dhambi, usimwambie mbona tunakulisha. Mwambie asante kwa kuniambia, niko hapa, kesho tunaenda wote hospitali.

Usimwache peke yake usiku huu. Kama una shamba la pamba na mna dawa za kunyunyizia ndani, toa nje ya nyumba leo, zifungiwe kwa jirani na ufunguo ubaki kwake. Vidonge vya nyumbani hivyo hivyo. Kesho asubuhi na mapema Bugando wana idara ya afya ya akili, au hospitali yoyote kubwa iliyo karibu, eleza mapokezi kwamba ni dharura, usikubali kupangiwa tarehe. Na ipo namba 116, simu ya mtoto, bure, anaweza kupiga mwenyewe au ukapiga wewe.

Na kidato cha pili ripoti nzuri isikutulize, baba. Watoto watulivu hawaletwi kliniki kwa sababu hawasumbui mtu.

Baba Binti

Nimeamka nimekaa mlangoni kwake. Yuko macho. Naingia kuongea naye. Asanteni.

Mwana wa Ukara

Mama Dagaa. Mimi nilikuwa na miaka 12 ile feri ya MV Nyerere ilipozama, Alhamisi 20 Septemba 2018, inatoka Bugolora inakuja Ukara, imebaki kidogo tu kufika gati ya Bwisya. Walikufa watu zaidi ya 200. Mimi wangu walikuwa wawili, shangazi na binamu yangu tuliyekaa naye dawati moja.

Sisi tulizika, kwa hiyo najua yetu ni tofauti na ya mwanao. Ila nataka nikuambie kitu cha upande wa mtoto, maana humu wote mnaongea kama wazazi. Mtoto halii kama mkubwa. Nililia dakika tano nikaenda kucheza mpira na wenzangu, bibi akasema huyu hana uchungu. Usiku ndo ulikuwa unakuja. Nikisikia injini ya boti tumbo linageuka. Mwaka mzima nilikataa kuvuka kwenda Nansio, wakaniita mwoga, kaka akanibeba kwa nguvu akaniingiza kwenye boti nikatapika njia nzima. Darasani nilikuwa nawaza kuokoa, nilikaa nachora kwenye daftari watu ningewatolea wapi, ningevunja dirisha lipi. Mwalimu anaandika ubaoni mimi niko majini navunja dirisha.

Hakuna aliyenipiga kwa hilo, ila hakuna aliyeniuliza pia. Kilichonisaidia ni babu yangu tu, ambaye hakusoma, jioni alikuwa ananichukua tunakaa kwenye mwamba anamtaja binamu yangu kwa jina, anasema leo ningemtuma mwenzako tumbaku. Wengine wote walikuwa wanaogopa kutaja lile jina mbele yangu. Nilikuwa nasubiri jioni ifike ili jina litajwe.

Mtaje baba yake, mama. Taja na mambo ya kuchekesha aliyokuwa anafanya, siyo kifo tu.

Mchapakazi wa Sengerema

Nimerudi. Nimesoma kila mtu.

Sijabadilika kwamba mtoto lazima awe na mipaka, hilo nalisimamia. Ila tangu jana nawaza huyu kijana wangu wa miaka 14. Alianza kukaa kijiweni mwaka jana mwezi wa tano. Mwezi wa nne mimi na mama yake tulitengana. Sijawahi kuviweka hivi vitu viwili pamoja mpaka nilipokuwa nasoma hapa. Nimemchapa mara nyingi kwa kuchelewa kurudi kwenye nyumba ambayo mama yake hayupo.

Mwalimu, nianzie wapi? Maana hatujazoea kuongea mimi na yeye, nikimwita tu anasimama mbali, anaangalia mikono yangu.

Mwalimu Buhongwa

Usimwite. Fanya naye kazi. Mtengeneze wote kitu, baiskeli, banda la kuku, mwendo wa saa nzima mkiangalia kazi, siyo mnaangaliana usoni. Watoto wa kiume wa huo umri wanaongea pembeni, ukiwakalisha kwenye kiti kama kikao wanafunga mdomo. Usimuulize kwa nini, maana kwa nini kwake ina maana ya kesi. Sema wewe kwanza, mwambie nyumba imekuwa kimya tangu mama yako aondoke. Afu nyamaza, hata akinyamaza na yeye. Rudia wiki ijayo.

Na muombe msamaha wa viboko kabla hujaweka hiyo mipaka upya, itasimama vizuri zaidi. Mipaka siyo lazima iwe fimbo. Saa ya kurudi iwe moja, inajulikana, akichelewa anakosa kitu mlichokubaliana mapema, na wewe ukikasirika leo au usipokasirika sheria ni ile ile.

Mama Dagaa

Nimerudi wapendwa, jana nilikuwa sokoni Kirumba siku nzima. Nimesoma zote, nyingine nimesoma mara mbili mbili. Mwana wa Ukara Mungu akubariki mwanangu, leo jioni nimemtaja.

Namalizia. Yule mtaalamu alisema mtoto aambiwe, na aambiwe na mtu aliyekuwepo. Nilirudi kwa wazee, ilikuwa vigumu, babu mtu alikataa siku mbili, siku ya tatu akaja mwenyewe kapiga hodi alfajiri. Jumamosi tukashuka mwaloni, mimi, babu, na baba mdogo aliyepona. Tukakaa pale pale kwenye ule mtumbwi mbovu, alishangaa tumejuaje sehemu yake. Baba mdogo akamwambia yote, kuanzia upepo ulivyoanza mpaka alipoacha kusikia sauti ya kaka yake. Hakuficha. Babu alikuwa amemshika mtoto mkono.

Mtoto aliuliza maswali matatu. La kwanza, baba alikuwa amevaa laifu jaketi? Baba mdogo akasema hapana, zilikuwa mbili tukawapa wasiojua kuogelea. La pili, aliniita? Akasema alisema jina la mama yako na majina yenu wote watatu. La tatu aliniuliza mimi. Akasema mama, samaki wanakula watu wa ziwani?

Hapo ndo nikaelewa ile sahani. Mwaka mzima na zaidi namchapa ale sangara.

Nilimwambia hutakula samaki mpaka siku utakayotaka mwenyewe, na kama hutaki maisha yako yote hakuna atakayekulazimisha. Sasa hivi namwekea maharage yake pembeni. Babu akatoa shati la marehemu akampa, tukatupa maua majini, mtoto akalia mpaka akalala begani kwa baba mdogo na mtoto wa miaka 11 ni mzito, alimbeba mpaka nyumbani. Wadogo zake tuliwaambia siku iliyofuata kwa maneno mafupi, kwamba baba amekufa, mwili wake hauwezi kurudi. Yule mdogo kila siku anauliza atarudi lini, nesi wetu akanieleza kwa umri wake kifo anakiona kama safari, nirudie jibu lile lile bila kukasirika.

Msije mkadhani yameisha. Bado anakojoa, zamani kila siku sasa ni mara mbili kwa wiki, tunabadilisha shuka kimya kimya. Mwezi uliopita kapigana tena. Hajapewa dawa yoyote, ni kuongea tu kila baada ya wiki mbili. Mwalimu wake wa darasa tumekubaliana akiona moto unapanda anaruhusiwa kutoka bila kuomba ruhusa, anaenda kukaa kwa mwalimu wa malezi mpaka atulie. Utoro, tangu ile Jumamosi amekosa siku mbili tu, na zote mbili aliniambia asubuhi kwamba leo nataka kwenda mwaloni, moja nilienda naye.

Mchapakazi kaka yangu, lile swali lako limenigusa. Mwanangu naye alikuwa anaangalia mikono yangu. Ilichukua kama miezi miwili kuacha.

Baba Binti tunakusubiri, hata neno moja tu utuambie mko wapi.

Baba Binti

Tuko hospitali tangu saa moja asubuhi. Nilimuuliza kama nesi alivyoandika. Akasema ndiyo. Tumelia wote wawili mpaka alfajiri. Kuna picha mtu anamtishia nazo kwenye simu, ndo chanzo. Wamempokea vizuri, anaongea na daktari sasa hivi, mama yake yuko naye ndani. Dawa za shambani nimempa jirani usiku ule ule. Siwezi kuandika zaidi kwa sasa.

Nesi Nyakato

Umefanya vizuri sana baba. Hizo picha na meseji usizifute, polisi watazihitaji. Binti asijibu tena huyo mtu. Nipigie ukitoka.

Mama Pacha

Mama Dagaa samahani, hiyo kliniki ni siku gani? Niko Kayenze, sijawahi kwenda hospitali ya mjini peke yangu na nikiwa na huyu asiyetulia kwenye gari naogopa.

Mama Dagaa

Sisi tunarudi Jumanne ijayo. Panda mpaka hapa Igombe saa kumi na mbili, mimi na mwanangu tutakuwa pale kituoni tumekaa kwenye benchi la muuza chapati, tutapanda daladala moja. Beba kadi ya kliniki ya mtoto na kitu cha kumshikisha mkononi njiani, wangu nitamwambia akae naye dirishani, siku hizi anapenda kuwaonyesha wadogo majina ya magari.